Gari Lililokohoa Likishiba

Hakuna kitu chenye injini kinachoweza kunishangaza. Naliandika hili mwanzoni ili ninyi mliobaki gerejini msije mkaanza kuulizana kama Fundi Ekidor alikuwa anajua kweli ama alikuwa anabahatisha. Nilikuwa najua. Nimeshusha giaboksi ya lori katikati ya laga, ule mto mkavu, huku wingu limefunga mlimani. Nimetoa nyoka hai ndani ya bomba la hewa la pikapu, nikamweka kando, nikaendelea na kazi. Kule Lokitaung niliamsha jenereta ya kanisa Jumapili asubuhi kwa kipande cha waya wa ua, na padri akaanza misa kwa wakati. Shule niliacha darasa la nne. Tangu hapo watu wenye digrii wamenishikia tochi, na wengine hawakujua kuishika.

Sasa mgongo umekataa kulala chini ya magari, na mwenye mgongo ana miaka hamsini na tatu tu. Nimewaachia jeki, vaisi na kelele. Mambo ya vyeo sitaandika. Hakuna aliyewahi kunipandisha cheo, nilijipandisha mwenyewe siku niliyopaka jina langu ukutani. Nitaandika kazi.

Nilianzia Lodwar, kwa Mzee Wafula, fundi wa kutoka Kitale aliyekuja kutengeneza trekta moja akakaa miaka ishirini. Siku ya kwanza alinipa karai la dizeli na nati mia kadhaa, akasema osha. Siku ya pili akasema osha tena. Wiki ya tatu akanifunga macho kwa kitambaa, akanitia nati mkononi, akauliza ni spana namba ngapi. Nikakosa, akanirudisha kwenye karai. Leo nikishika nati bila kuitazama nitakwambia namba yake, na kama iliwahi kufunguliwa na mtu mwenye haraka.

Mzee Wafula hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliiweka kwenye injini, mpini kwenye sikio, akafumba macho. "Injini haina sababu ya kudanganya," alikuwa akisema. "Mwenye gari ndiye anayo." Aliporudi kwao aliniachia bisibisi ile, na mimi nikaipatia masikio bora kuliko yake. Hilo alilikubali mwenyewe, kwa simu.

Baadaye nilifuata malori. Kalemng'orok, Lokichar, Lodwar, Kakuma, hadi kule mpakani. Wakati huo barabara ilikuwa imeliwa, na vumbi liliingia kila mahali: kwenye chai, kwenye Biblia, kwenye tanki. Pampu za mafuta zilikufa kama vifaranga. Wahandisi waliandika ripoti. Mimi nilichukua mkasi, nikakata duara kutoka kwenye tyubu kuukuu, nikalibana ndani ya kifuniko cha tanki. Vumbi likakoma. Madereva wakaliita duara hilo kofia ya Ekidor, na nilipofungua gereji yangu Kakuma kila gari lililoingia lilitoka na kofia, liwe limekuja kwa breki ama kwa taa. Sikuwa naomba ruhusa. Padri naye akibatiza hamuulizi mtoto.

Ukuta wa gereji mnaujua, lakini karatasi hii huenda ikasomwa na mtu asiyeujua. Umeandikwa: KUPIMA UGONJWA 1,500. KUPONA NI BEI NYINGINE. Na chini yake kuna sheria yangu. Ile elfu moja mia tano ni ya yule aliyeuona ugonjwa, awe nani, na anapewa mkononi kabla boneti haijafungwa. Tuliiita ada ya jicho. Niliiweka ili mafundi waache kubahatisha, maana fundi anayebahatisha hubadilisha vipuri mpaka gari linakuwa jipya na ugonjwa unabaki uleule. Kwa miaka mingi ada ya jicho iliishia mfukoni mwangu. Haikuwa upendeleo, nilikuwa naona.

Basi, lile gari.

Lilikuwa la milango miwili, la mbio, la Kijapani, la zamani, la enzi za kabureta. Wekundu wake ulikuwa umefifia ukawa rangi ya matofali, na taa za mbele zilichomoza zikiwashwa kama macho ya chura. Lilikaa chini sana. Mbuzi wa jirani alisimama kando yake akalitazama kutoka juu. Aliyeshuka, ama tuseme aliyetambaa akatoka, alikuwa Emase, muuguzi wa zahanati moja ya pale Kakuma, ambaye sisi wote tunamwita daktari.

"Ejok, Fundi."

"Ejok-noi, daktari. Umenunua gari ama umenunua kiatu?"

"Nimenunua saa moja na nusu."

Hakuwa anatania. Hiyo ndiyo Kakuma hadi Lodwar kwa gari lenye mbio. Mke wake, Akai, alikuwa anakaa Lodwar kwa mamake, mtaa wa Nakwamekwi. Mwaka uliotangulia Akai alishikwa na uchungu wakati Emase yuko zamu. Emase akangoja gari la abiria lijae, likajaa alasiri, likapasua gurudumu mara mbili njiani. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazikwa. Sasa Akai alikuwa na mimba nyingine ya miezi mitano, na Emase alikuwa amemwapia kwamba safari hii atakuwepo. Gari aliuziwa na mtu wa visima vya mafuta kule Lokichar aliyekuwa anarudi kwao, kwa bei ambayo isingemnunulia pikapu yenye milango yote.

"Litengeneze kama la mamako," akaniambia.

Nilibadilisha mafuta ya injini, nikasafisha plagi, nikakaza breki, nikalivika kofia. Geji ya petroli ilikuwa imekufa. Nikamwambia huo si ugonjwa, awe anafungua kifuniko anachungulia kama watu wengine. Akaondoka, gari linaimba. Wiki ya pili akarudi.

"Inakohoa, Fundi. Nikitoka hapa kwenda Lodwar, kama nusu saa hivi, inaanza kukohoa, inakosa nguvu, inazima. Nafungua kifuniko naangalia petroli, iko. Nawasha, inawaka. Naenda."

"Kila safari?"

"Hapana. Kuna siku inanifikisha bila neno."

"Na hapa mjini?"

"Haijawahi."

Gari linalozima likipata moto na kuwaka likipumzika, kila fundi anajua, ni koili. Nikapima, nikatoza, nikaweka koili nyingine. Nikalizungusha Kakuma nzima, nikavuka mto Tarach mkavu mara mbili, halikukohoa. Nikamkabidhi funguo mbele ya watu. Akaenda Lodwar, likakohoa.

Mara ya pili nikasema ni pointi na kondensa. Mara ya tatu nikasema ni pampu ya mafuta na chujio, na nikamwonyesha Emase jinsi chujio la zamani lilivyokuwa chafu, ingawa halikuwa chafu sana. Mara ya nne nikafungua kabureta, nikaitandaza juu ya gunia kama mtu anayeanika samaki wa Kerio, nikapuliza kila kitundu. Kila mara nilitoza elfu moja mia tano ya kupima. Kila mara nililiendesha mjini likanguruma kama simba aliyekula. Nikaweka bisibisi ya Mzee Wafula kwenye injini, nikafumba macho. Safi.

Hapa simameni kidogo. Mteja wa Kakuma akileta gari gerejini hulileta na petroli ya kufika tu, kwa sababu anaamini mafundi wananyonya tanki. Wako wanaonyonya, na mnajijua. Mimi nikawa nalijaribu gari kwa hiyo petroli kidogo, na siku zile ambazo Emase alisafiri na nusu tanki, lilimfikisha bila neno. Lakini akiwa na pesa alijaza mpaka juu ndipo akashika barabara. Kwa hiyo gari nililolijaribu mimi lilikuwa na njaa, na gari lililokuwa linazima lilikuwa limeshiba. Jambo hilo lilikaa mbele ya pua yangu miezi mitatu. Mkiletewa gari, msiulize tu linaumwa nini. Ulizeni lilikuwa limekula kiasi gani.

Mimba ikafika mwezi wa tisa. Asubuhi moja Emase akasimamisha gari mlangoni, begi nyuma, tanki limejaa.

"Nimepata likizo," akasema. "Naenda kukaa naye mpaka ajifungue. Na wewe unaingia ndani."

"Mimi? Nina malori mawili hapa."

"Fundi, umeniambia mara nne imepona. Kama imepona unaogopa nini?"

Ninyi wote mliacha kazi ili msikie vizuri, nawakumbuka kwa majina. Nikasema kwa sauti ya kuwafikia hata walio chini ya lori, "Hili likizima leo, mimi si fundi." Nikachukua sanduku la spana na ile bisibisi.

Kiti cha mbele kilikuwa na mtu. Alikuwa Mama Achol, mwanamke wa Sudan Kusini anayeuza mafuta ya kupikia kwenye soko la kambi ya wakimbizi, anayapima kikombe kwa kikombe kutoka kwenye makopo makubwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na alikuwa anakwenda kliniki ya macho Lodwar, karatasi yake ya kusafiri ameikunja ndani ya kibeti. Katikati ya miguu aliweka kopo la mafuta, zawadi ya mzazi.

"Mama, mimi ndiye fundi," nikamwambia. "Nikae mbele nisikilize injini."

"Na mimi ndio iko na magoti," akanijibu. "Sikiliza kutoka nyuma."

Kiti cha nyuma cha gari lile kilitengenezewa mtu asiye na miguu. Nilijikunja nikaingia, sanduku la spana mapajani. Tukaondoka vizuri. Lami ilikuwa nzuri, gari linavuta, nikawaeleza jinsi kabureta inavyosafishwa na mtu anayejua. Mama Achol akauliza kama hiyo redio ya nyuma ina mahali pa kuzimia.

Tulikuwa tumeenda kama kilomita thelathini simu ya Emase ilipolia. Alikuwa mama mkwe. Emase akasikiliza, akasema "Ndiyo, mama," mara tatu, akaweka simu chini.

"Imeanza," akasema. "Wanampeleka hospitali."

Akakanyaga. Dakika chache baadaye gari likakohoa mara moja. Likakohoa tena, likapiga chafya, likaanza kujivuta kama punda aliyebebeshwa mawe, likazima. Tukabingirika hadi kando ya barabara.

Kunitoa nyuma lazima Mama Achol ashuke kwanza, na Mama Achol kushuka si jambo la dakika moja. Nilipofika chini nilianza na kifuniko cha tanki kwa sababu geji imekufa. Nikafungua, kikalia fyuuu, nikachungulia. Petroli ilikuwa tele. Kabla sijafika mbele kufungua boneti, Emase alikuwa ameshajaribu ufunguo na gari limewaka.

"Ingia," akasema.

"Ngoja niangalie..."

"Ingia, Fundi."

Tukaenda. Mama Achol akageuza shingo.

"Fundi kubwa. Ile sauti ni ya nini?"

"Sauti gani?"

"Ile fyuu."

"Petroli ikipata joto inatoa hewa, mama. Ni kawaida."

"Inatoa ama inavuta?"

"Inatoa."

"Kopo yangu ikilia hivyo, inavuta."

"Mama, hii ni gari. Si kopo."

"Sawa. Kopo yangu haijazima."

Siku nyingine Emase angecheka. Alikuwa anatazama barabara tu, mikono yote miwili kwenye usukani. Mama Achol akaendelea, sasa kama anajiongelesha. Alisema watu wageni wa biashara wanatoboa kopo tundu moja. Mafuta yanatoka vizuri mwanzoni, halafu yanakohoa, halafu yanakataa, na kopo bado limejaa. "Tundu ni mbili," akasema. "Moja ya mafuta, moja ya kupumua. Mimi siku hizi sioni kikombe. Napima na masikio."

Mimi nilikuwa nimefumba macho nasikiliza injini. Masikio yangu mnayajua.

Likazima tena zikibaki kilomita arobaini hivi. Lilikohoa vilevile, likajivuta vilevile. Simu ikalia, Emase akasikiliza, akaikata. Hakunigombeza. Aligeuka akanitazama kwenye kile kiti kidogo, akasema, "Fundi, nilimwapia."

Nilikuwa na bisibisi mkononi na sikuwa na mahali pa kuiweka.

Mama Achol alikuwa ameshaanza kushuka bila kuombwa. Akazunguka gari akilipapasa kwa mkono mpaka akafika kwenye tanki. Akafungua kitambaa cha kichwa, chepesi kile, akakishikilia juu ya kifuniko.

"Fungua," akaniambia. "Pole pole. Usitoe yote."

Nikalegeza kifuniko kidogo tu. Fyuuu. Kile kitambaa hakikupeperuka. Kilinata kwenye ule mwanya, na ncha yake ikaanza kuingia ndani ya tanki. Macho yake hayakuona, lakini vidole vyake viliusikia mvuto.

"Inavuta," akasema. "Kalas. Imekwisha."

Nikakitoa kifuniko chote, nikakigeuza. Ndani yake kulikuwa na duara la mpira wa tyubu, limekaa vizuri, na ukingoni alama za mkasi wangu, ule wenye pengo. Nikalibandua kwa ncha ya bisibisi. Chini ya mpira kulikuwa na kitundu, kidogo kama jicho la sindano.

Niwaeleze vizuri ili msirudie. Lori lina bomba lake la kupumulia juu ya tanki, hivyo kifuniko ni kifuniko tu, unaweza kukivika chochote. Magari ya zamani kama lile hupumua kwa kitundu cha kifuniko peke yake. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Ukiziba, tanki linavuta upande mmoja, pampu inavuta upande mwingine, na tanki linashinda. Likiwa limejaa linashinda haraka, kwa sababu ndani hakuna akiba ya hewa. Halafu mtu anafungua kifuniko kuangalia petroli, hewa inaingia, gari linapona, na fundi anaisifu koili. Haya yote niliyajua. Mzee Wafula alinionyesha kwa tanki la pikipiki mwaka wangu wa kwanza.

"Ni nini?" Emase akauliza kupitia dirishani.

"Kofia," nikasema.

"Ya nani?"

"Yangu. Washa gari."

Nikarudisha kifuniko bila mpira. Kilomita arobaini zile lilienda kama limefunguliwa kamba shingoni, na hakuna aliyezungumza juu ya kabureta. Kwenye lango la hospitali Emase aliruka akaacha mlango wazi na injini inanguruma. Mimi nikaizima. Tukakaa kwenye benchi la nje, mimi na Mama Achol na kopo lake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo magoti yetu yalikuwa sawa.

Emase alitoka baada ya muda. Alisema aliwahi kumshika Akai mkono, robo saa ama zaidi kidogo, ndipo mtoto akaja. Ni msichana. "Analia vibaya sana," akasema, akaketi chini sakafuni kati yetu kama mtu aliyeshushwa mzigo, akasema tena kwamba analia vibaya sana. Mama Achol akamshika kichwa.

Kisha yule kijana akakumbuka kitu, akaanza kutabasamu, na mimi nikajua.

"Mama, umewahi kusoma ukuta wa gereji ya Fundi?"

"Mimi, na macho hii?"

"Imeandikwa anayeona ugonjwa ndiye analipwa. Awe nani. Mkononi, kabla boneti haijafungwa."

"Boneti imefungwa," nikasema.

"Haijafunguliwa tangu Kakuma," Emase akasema.

Nikalipa. Mama Achol alisogeza kila noti karibu na jicho, akaifikicha kwa kidole, akaitia kwenye kibeti pamoja na karatasi ya kusafiri. Akaniambia kofia yangu ni nzuri, ila nitoboe tundu. Alipopona macho alipita gerejini, akasimama mbele ya ukuta akaomba asomewe wote, halafu akauliza mbona jina langu ni kubwa kuliko bei.

Wiki zilizofuata niliwaita wenye magari yote ya aina ile na nikatoboa kofia moja moja kwa msumari, bila malipo. Niliwaambia ni kofia mpya, ya kisasa zaidi, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Emase nilimrudishia pesa za kupima mara nne, kwa sababu ugonjwa usiouona hukuupima. Za vipuri sikumrudishia. Koili ilikuwa nzuri, pampu ilikuwa nzuri, na bado ziko ndani ya gari, ambalo sasa linampeleka yule mtoto kanisani akiwa kwenye kile kiti cha nyuma, mtu wa kwanza kutoshea pale.

Kwa hiyo mkisikia watu wa Kakuma wakisema kuna siku Ekidor alishangazwa na muuza mafuta, waambieni hapana. Sikushangaa. Ilinigharimu tu: elfu sita za Emase, na elfu moja mia tano ya jicho. Shilingi elfu saba na mia tano.